Wenye Bonde la Nalwesi

Mjimwema, Songea
6 Julai 1993

Mwanne mwenzangu,

Usishtuke kuona bahasha ya serikali, hujaitwa mahakamani. Ni mimi Lidwina, niliyelala kitanda cha juu yako miaka minne, ukanipiga mateke ya godoro kila nikikoroma. Bahasha nimeiomba masjala kwa sababu zangu zimekwisha gundi.

Nimerudi nyumbani kwa muda. Chuo changu hiki cha ukubwani kimetutawanya mikoani wiki kumi na mbili tufanye fildi, yaani tukae maofisini tuone serikali inavyofanya kazi. Mimi niliomba Songea, nakaa kwa shangazi. Bosi wangu ni Bwana Romanus, ofisa wa mipango. Mtu mpole, lakini kanuni! Pambizo ya barua anaipima kwa rula. Wiki ya kwanza nilifunga majalada kwa uzi na kuchemsha chai. Sasa ameniamini, nasoma majalada ya vijijini na kuandika ufupisho wa ukurasa mmoja, ambao wakubwa ndio watakaousoma kwenye kikao cha kamati. Hebu fikiria, mimi!

Sasa sikiliza, na hili hukulisikia kwangu. Siku hizi za biashara huria makampuni yanaomba ardhi kama watu wanavyoomba chumvi kwa jirani. Jana nimekutana na ombi la kampuni moja ya Dar es Salaam inayotaka kulima mpunga kwa mashine huko kwenu Namasakata. Eneo linaitwa bonde la Nalwesi. Limeandikwa "pori lisilotumika", na uongozi wa kijiji umegonga mhuri.

Nikakaa nikajiuliza. Ule mchele uliokuwa unarudi nao shuleni kutoka likizo, tukaupika kwa kuiba kwenye jiko la mpishi, si ulisema wa Nalwesi? Au Nalwesi ziko mbili? Nijibu haraka. Mpe mama shikamoo yangu, shemeji Kassimu msalimie, na Nasrin mbusu shavuni.

Wako,
Lidwina

*

Namasakata, Tunduru
19 Julai 1993

Lidwina dada yangu,

Assalaam alaikum, na wewe uitikie hivyo hivyo, najua unajua. Barua yako imeletwa na dereva wa lori la korosho. Nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa chini.

Nalwesi ni moja tu. Ndiyo hiyo hiyo. Mwezi wa sita, tumekwisha kuvuna, walikuja watu wawili na gari, mwenyekiti wa kijiji akawatembeza. Waliona nini? Mabua na mbuzi. Mwezi wa sita bonde lolote ni pori, hata Mungu akilitazama. Wangekuja mwezi wa tatu wangezama kwenye mpunga hadi kifuani. Mwenyekiti tumemuuliza, anasema ni maendeleo, tusiwe washamba.

Nikueleze kitu ambacho shuleni hatukuwahi kukizungumza. Kwenu Wangoni shamba ni la baba. Kwetu sivyo. Bonde ni la wanawake. Bibi alimpa mama, mama amenikatia mimi kipande changu siku niliyojifungua Nasrin, na mimi nitamkatia Nasrin. Mwanaume akioa anakuja kukaa kwetu, analima na mkewe, anakula, lakini wakiachana anaondoka na nguo zake. Ndivyo tulivyo. Bonde hilo likienda, Lidwina, mimi sina kitu kingine duniani. Mtihani ulinitupa, ajira sina. Korosho ni za wajomba. Nina Nalwesi basi.

Tumekaa wanawake wenye vipande, arobaini na mmoja. Tumeandika majina kwenye karatasi ya daftari, kila mtu na kipande chake na alipokipata, na vidole tumeweka kwa wino wa kalamu tuliyoipasua. Mama amekuwa wa kwanza, Somoe, namba moja. Alikibonyeza kidole mpaka karatasi ikatoboka kidogo, utaona. Nakutumia. Ipeleke panapohusika. Kama kuna mtu wa kutusemea huko kwa wakubwa, ni wewe.

Ndimi,
Mwanne

*

Songea
28 Julai 1993

Mwanne,

Nimeipata, na nimeuona huo mtobo. Nilicheka, kisha nikaona haya kucheka.

Nimempelekea Bwana Romanus siku hiyo hiyo. Aliisoma mpaka jina la mwisho, kwa hilo namsifu. Halafu akaniuliza, "Hawa ni akina nani?" Nikamwambia ndio wenye mashamba. Akasema, "Waume zao wako wapi?" Nikaanza kumweleza mambo ya bibi na mama, akavua miwani akanitazama kwa huruma. Akanionyesha fomu. Malalamiko ya ardhi yana fomu yake: jina la mkuu wa kaya, eneo analomiliki, sahihi. Mkuu wa kaya kwa serikali ni mume. Orodha ya vidole vya wanawake, anasema, kamati itaicheka na kuiweka kando, na hapo kampuni imeshapita. Hasemi kwa ubaya, mwenzangu. Anawajua hao watu kuliko mimi na wewe.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Fomu nimeweka humu. Kila mwenye kipande, amwandike mumewe, na ukubwa wa eneo, na mume asaini. Barua ya juu nimeitunga mwenyewe, nimekesha nayo: "Sisi wamiliki halali wa mashamba ya bonde la Nalwesi tunapinga..." Utaipenda. Kikao ni tarehe ishirini na saba Agosti. Fomu ikinifikia kabla ya tarehe kumi na tano naiingiza kwenye jalada kwa mkono wangu.

Najua utanuna. Usinune. Ninyi kwa ninyi mnajua bonde ni la nani. Hii ni karatasi tu ya kuwafungia mlango hao wa kampuni. Orodha ya akina mama naitunza mimi, haipotei.

Lidwina

*

Namasakata
7 Agosti 1993

Lidwina,

Fomu hii hapa, imejazwa. Ina uzito wake, nikuambie.

Mama aligoma siku mbili. Anauliza, "Kassimu ana bonde wapi? Alikuja na bonde mgongoni?" Nikamsomea barua yako, nikamwambia dada yangu kasoma, yuko serikalini, anajua mlango wa kupitia. Mwisho akasema haya, wewe ndiye unayejua kusoma. Lakini kwenye kusaini hakuja.

Wanaume wao wamefurahi. Hilo sikulitarajia. Kassimu amefanya mazoezi ya sahihi kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni asubuhi nzima, nikamwambia wewe bwana, unaandikiwa nini, cheki? Hakucheka. Amesaini taratibu kama anachora. Wamesaini thelathini na nane. Wajane watatu hawakuwa na wa kuwasainia, kwa hiyo hawamo. Mmoja ni mama yangu.

Roho yangu haijatulia, nakuambia ukweli wangu. Lakini nimekwisha kukukabidhi, na nikikukabidhi wewe sigeuki nyuma kutazama.

Mwanne

*

Songea
3 Septemba 1993

MWANNE!

Kaa chini. Mwite mama. Tumeshinda!

Kamati ilikaa Ijumaa iliyopita. Mimi niliruhusiwa kuingia kugawa karatasi, nikasimama ukutani kimya, moyo unadunda utadhani mtihani wa kidato cha nne. Walipofika Nalwesi mkubwa mmoja akasema, "Si pori hili?" Bwana Romanus akainuka, akasoma ufupisho wangu, neno kwa neno! Kisha akainua ile fomu. Nimenakili uamuzi kwa ajili yako: "Bonde la Nalwesi lisihesabiwe kuwa pori. Kampuni isipewe eneo lolote bila ridhaa ya maandishi ya wamiliki waliojitambulisha katika orodha."

Umeona? Kampuni haiwezi kugusa hata jani bila ninyi kukubali. Na nani atakubali? Nimetoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Bwana Romanus amenijazia fomu ya tathmini, kaniandikia "ana kipaji cha kutetea hoja". Na ripoti yangu ya fildi nimeamua itakuwa ya Nalwesi. Majina sitayataja. Kuna chama cha kutetea haki za wanawake kimesikia, wanataka nikaisome kwenye semina yao. Loo, Mwanne, ningekuwa na mabawa ningekuja huko sasa hivi.

Wako mwenye furaha,
Lidwina

*

Namasakata
18 Septemba 1993

Kwa Shemeji Lidwina,

Baada ya salamu ningependa kukuarifu kwamba mimi ni mzima, naomba Mwenyezi Mungu akuzidishie. Barua hii naiandika mwenyewe, naomba radhi kwa mwandiko, mimi niliishia darasa la saba.

Lengo la barua hii ni shukrani. Shemeji, mimi nimekaa ukweni miaka tisa. Nimelima bonde lile kwa jembe langu miaka tisa. Nikisimama kwenye kikao kusema neno, wajomba wa mke wangu wanaangalia pembeni, wananiita mgeni. Nikigombana na Mwanne mama mkwe ananionyesha njia kwa kidole. Sijawahi kuandikwa mahali popote kwamba Kassimu bin Abuu ana kitu. Wewe ndiye mtu wa kwanza.

Jumanne walikuja watu wa kampuni na mtu wa serikali, wana ile orodha. Waliita majina kwenye ofisi ya kijiji, wakaita "Ndugu Kassimu Abuu, mmiliki", nikasikia mwili unanisisimka. Wamezungumza nasi kwa heshima. Wametupa viti. Mambo yamekwenda vizuri, Mwanne atakueleza zaidi akitulia.

Mungu akulipe kheri kwa kuniandika.

Ni mimi,
Kassimu Abuu

*

Songea
29 Septemba 1993

Mwanne,

Nimepokea barua ya shemeji na tangu jana sili. Nimeisoma labda mara ishirini. "Mambo yamekwenda vizuri" maana yake nini? "Akitulia" maana yake nini, umechafuka na nini? Kesho kutwa naondoka kurudi chuoni Morogoro, barua zangu shangazi atanitumia.

Niambie kwamba hakusaini kitu. Nakuomba niambie hivyo.

Lidwina

*

Namasakata
20 Oktoba 1993

Lidwina,

Nimechelewa kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naandika matusi, na wewe si mtu wa kutukanwa na mimi.

Alisaini. Wamesaini thelathini na mmoja katika wale thelathini na nane. Sisi wanawake tulikuwa msibani kijiji cha pili, siku mbili. Tumerudi tumekuta mabati yamepangwa nje ya ofisi ya kijiji, na baiskeli, na wanaume wana sura za siku ya Idi. Kassimu amepata baiskeli na bati ishirini. Nilimuuliza, "Umefanya nini?" Akaniambia, "Nimekubali cha kwangu." Hivyo, Lidwina. Cha kwangu. Sikumpigia kelele. Bati amezipeleka kwa dada yake kule kwao, anamjengea nyumba, na mwenyewe hajarudi. Mimi sikumtegemea kuwa mbaya na sidhani kuwa ni mbaya. Alisikia jina lake likiitwa.

Nimekwenda Tunduru mjini kwa miguu na lori. Ofisa aliyenipokea alinisikiliza vizuri tu, akafungua jalada, akaniuliza, "Wewe ni nani katika orodha hii?" Nikamwambia mimi ni mke wa namba kumi na nne. Akasema, "Namba kumi na nne ameridhia, na wengi wakiridhia ni bonde zima." Nikamweleza mila zetu, akasema anazijua, mkewe ni wa huku huku, lakini jalada halijui mila. Mbele yake ipo barua inayosema wamiliki halali ni hawa. Na hiyo barua imeandikwa vizuri mno, Lidwina. Haina pa kupenya.

Mwishoni akanionea huruma. Akasema kama ipo karatasi yoyote ya kabla ya fomu, yenye tarehe, inayoonyesha kwamba wanawake walijitambulisha kwanza, niilete kabla ya kikao cha tarehe kumi Desemba. Atasimamisha kila kitu. Amesema hivyo, "kila kitu", na ameandika pembeni ya jalada nikimwona.

Basi nitumie ile orodha ya vidole. Uliniambia unaitunza. Juu ina tarehe, niliandika mwenyewe, kumi na nane Julai. Itume kwa mkono wa mtu, siyo posta, mvua zikianza barabara ya Songea hadi huku haipitiki. Mama kila jioni anauliza kama imefika.

Mwanne

*

Chuoni, Morogoro
8 Novemba 1993

Mwanne,

Barua yako imenifikia leo, shangazi aliichelewesha. Sina la kusema kuhusu shemeji. Nimeumia.

Kuhusu orodha, iko Songea pamoja na makaratasi yangu mengine ya fildi. Nimemwandikia shangazi aitafute. Usihofu sana.

Mitihani imeanza, nakuandikia kwa haraka.

Lidwina

*

Namasakata
25 Novemba 1993

Lidwina,

Shangazi yako amepata? Kuna lori litatoka Songea tarehe nne, dereva anaitwa Salum, anapumzika kituo cha mafuta cha njia ya Tunduru. Mpe mtu yeyote ampe. Wanawake wamechanga mihogo na kuku wa kumlipa.

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mwanne

*

Mjimwema, Songea
27 Desemba 1993

Mwanne,

Tarehe kumi imepita na mimi sikukujibu. Jana kanisani nilishindwa kwenda kukomunika. Nitakuandikia ukweli, halafu ufanye unavyotaka.

Orodha haipo. Haikuwapo hata siku ile nilipokuandikia kutoka chuoni kwamba iko Songea. Shangazi sikumwandikia kitu chochote.

Ile wiki ya kikao Bwana Romanus alikagua jalada langu kabla halijapanda kwa wakubwa. Alikuta orodha yenu nimeiambatisha nyuma ya fomu. Akaniambia, "Jalada lisiwe na karatasi mbili zinazopingana, kamati itauliza ipi ni ipi, na hawa watu wako watashindwa." Akasema niiondoe. Hakusema niichane. Angenipa kabati niiweke, angenipa bahasha, lolote, mtu yule hachani hata risiti. Ni mimi. Niliogopa isije ikaonekana mezani kwangu, wakasema mwanafunzi wa fildi anapika malalamiko, nikakosa alama. Niliichana vipande vinne nikavitia kwenye kapu, na siku ile nilijisikia mjanja. Kidole cha mama nilikiona. Nilichana pale pale.

Na ripoti imepata alama ya kwanza darasani. Kwenye semina ile niliisoma mwezi wa kumi na moja, barua yako iko kwenye mkoba wangu, watu wakapiga makofi. Nilisema tumeshinda. Sijui kwa nini nilisema. Maneno yalikuwa yamekwisha kuchapwa.

Nilikwenda kwa Bwana Romanus wiki iliyopita nikamwomba aandike barua kwamba aliiona orodha. Akasema alichokiona hakikuingizwa masjala, na kisichoingizwa masjala yeye hawezi kusema alikiona. Alikuwa na huzuni, nakuambia kweli. Kisha akaniuliza kama nitapenda nafasi ya ajira hapa nikimaliza.

Nataka kuja huko. Mvua ikinisimamisha nitatembea. Nitapiga magoti mbele ya mama, nitamwambia kwa kinywa changu, na mbele ya wanawake wote arobaini na mmoja. Niruhusu nije.

Lidwina

*

Namasakata
23 Januari 1994

Lidwina,

Nimeisoma. Watu walikuwepo, kwa hiyo niliisoma bila sauti, nikasema ni salamu tu za Krismasi.

Trekta limeingia Nalwesi tarehe nane. Limepiga siku tatu, mipaka yetu yote imefutika, sasa hata mimi ukiniambia nikuonyeshe kipande changu siwezi. Wanawake walikwenda kusimama kandoni. Walinzi hawakutufukuza, hawakuwa na haja. Mama alikuja na mbegu yake kwenye kikapu kichwani kama kila mwaka, nikamwambia mama turudi, akasema subiri kwanza waondoke. Hawakuondoka. Tulirudi jua likiwa kali. Mbegu tumeitwanga, tumeila.

Sasa nalima kwa watu, siku hapa siku pale. Nasrin nimemtoa shule kwa muda anisaidie. Kassimu ameniletea talaka kwa mkono wa mdogo wake, imeandikwa vizuri, na sahihi chini.

Unaomba ruhusa ya kuja. Nikueleze hali ilivyo. Mama nilimwambia orodha ilipotea posta. Nilimwambia hivyo tarehe kumi Desemba jioni, kabla sijajua chochote, ili asikate tamaa na wewe. Ameamini. Wanawake wote wameamini. Wanaitukana posta. Na wewe wanakuombea dua, Lidwina. Mama anasema tulikosa bonde lakini hatukukosa mtu, kuna binti wa watu huko Songea alihangaika na sisi bila undugu. Amefuga jogoo, hakuna wa kumla, anasema ni wa Lidwina siku akija.

Ukija ukimwambia, utapumzika wewe. Yeye atabaki na nini?

Na ukija usimwambie, utaketi kwenye mkeka wetu uchinjiwe jogoo yule, ule, mama akushike mkono akushukuru, na mimi nikiwa nawatazama. Hapana.

Usije. Na usiandike tena kwa jina langu, wakisikia kuna barua kutoka Songea wanakusanyika nisome kwa sauti, na mimi nimechoka kuwatungia maneno yako.

Mwanne binti Somoe